Hatua Mbili na Nusu

Mumbere, kamera hii ni yako tangu leo.
Plastiki yake imepasuka pembeni, nimeifunga kwa utepe,
lakini lile jicho dogo la juu bado linawaka.
Usibonyeze kwanza. Sikiliza.
Kuna mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua:
ni umeme unajaza tumbo.
Mlio ukikoma, taa nyekundu ikatulia, ndipo.
Betri zikiwa za Birere, subiri zaidi.
Wakikuhimiza, waambie hata maharage yana saa yake.

Nuru hii ni fupi, mwanangu.
Filamu ya mia nne itakuongezea hatua chache,
haitakuvusha ukumbi.
Nimewaona wenzangu pale Katindo
wakiwamulika maharusi kutoka mlangoni,
kisha wanaletewa picha ya visogo vya wageni,
vyeupe, vimepangana, na mbali kule
giza lililovaa shela.
Sogea. Haya utaona baadaye.

Tena utazame ukuta.
Wa chokaa hukurudishia mwanga lakini hukutoza kivuli,
kigumu, kama mtu wa pili aliyejibanza nyuma;
mvute bibi harusi mbele kidogo, kianguke chini.
Huu wetu wa mawe ya volkano haurudishi kitu.
Unameza.
Ulitoka motoni, moto mdogo utauambia nini?
Mbele yake mwenye koti jeusi hubaki meno na kola.
Mtundikie kitenge cha njano mgongoni.

Na mchana pia uiwashe, waache wacheke.
Saa saba, kando ya ziwa, maji yanang'aa nyuma yao
na nyuso zinazama.
Cheche moja tu, wanarudi,
hata jicho lililojificha chini ya kofia.

Sasa nikuambie la Koko Kasoki.
Ndosho, siku ya mahari ya mjukuu wake, umeme ulikatika.
Hakuwa na picha ila ile ya kadi ya uchaguzi.
Niliupenda uso wake, nikaukaribia mno,
nikabonyeza nusura nimguse pua.
Akacheka, akasema nimemletea radi kitini.
Filamu ilipooshwa
kilemba kilikuwepo, hereni zilikuwepo, kila ua la kitenge,
na katikati, mahali pa uso,
unga wa muhogo.
Sikuthubutu kuipeleka. Nilisema nitarudia siku nyingine.
Siku nyingine ilikuwa kilio.

Waliichukua hivyo hivyo.
Imetundikwa sebuleni, juu ya redio.
Binti yake mkubwa huweka kidole kwenye weupe ule,
anawaonyesha watoto: hapa alikuwa na mwanya,
hapa palikuwa na kovu la jiko.
Watoto wanaitikia, wanaona.
Mimi niliyemtazama siku ile
sioni.

Kwa hiyo hatua mbili na nusu. Zihesabu kwa miguu, si kwa macho.
Ukilazimika kukaribia, chukua leso hii,
mkunjo mmoja, ifunike taa, vidole visikae mbele ya lenzi.
Nuru itapita polepole, kama mgeni anayebisha hodi.
Ila usiifue kwa buluu.
Nyuso zitaonekana zinasikia baridi.