Likizo Yetu

Kila mwezi wa saba tunapumzika hivi:
kilo kumi za misumari, mabati, rangi ya kijani,
mikate arobaini niliyooka usiku kucha,
jamu ya plamu, na wewe, Isbrandi, kwenye usukani,
unapiga mluzi wa tenzi za Jumapili
kama bwana harusi aliyechelewa.

Kutoka Winkler ni mwendo wa saa sita.
Ngano, ngano, kanola ya manjano hadi macho yachoke,
halafu misonobari inasimama ghafla pande zote mbili
na wewe unasema, kama mwaka jana, "Tumefika nusu,"
ingawa si nusu. Sijawahi kukurekebisha.

Majirani huenda Meksiko kulala mchangani.
Mwaka wa kwanza walituuliza: Mnalipwa kiasi gani?
Ukasema: Tunalipa sisi. Wakacheka.
Hawakujua mafuta ya gari yalikuwa pesa ya friji.

Kambi ya watoto hutungoja na majeraha yake ya baridi:
milango iliyovimba, mabomba yaliyopasuka,
vibanda vinane vilivyoinamia ziwa kama vinataka kunywa.
Hildegadi dada yako huja na cherehani,
Abramu na Lenora huja na mbwa wao kiziwi,
nao hawasemezani na Hildegadi
tangu ule ugomvi wa kinanda kanisani,
lakini mapazia anayoshona yeye, wao ndio huyatundika.
Huja Rubeni, mwana wetu, ambaye ameacha kusali.
Rubeni anajua umeme,
na umeme haumuulizi mtu dhehebu.
Mbu nao hawaulizi.

Mtaka cha mvunguni huinama:
wewe uliinama miaka ishirini na miwili chini ya sakafu zile,
ukatoka na utando wa buibui kwenye ndevu,
na mara moja na kiatu cha mtoto.
Ulikiosha, ukakiweka dirishani,
kana kwamba mwenyewe angepita kukichukua.

Mwaka huu ulipanda ngazi ukakomea kidato cha tatu.
Nilikuwa chini na ndoo ya rangi. Niliiona mikono yako.
Nyundo ilitetemeka kabla haijapiga kitu.
Hukusema. Sikusema.
Rubeni akashuka paa la pili, akavuka nyasi,
akaipokea nyundo
kama anavyopokewa mgeni mzigo mlangoni.
Tangu hapo ukashika ngazi, siku nne,
kwa mikono miwili,
kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa lango la mji.

Jioni ya mwisho, samaki, viazi, viti visivyolingana,
ulianza sala ya chakula kwa Kijerumani cha bibi yako,
ukafika katikati, maneno yakakukimbia.
Tulimsikia ndege wa ziwani akilia kule, mara moja, mara mbili.
Kisha sauti ya Rubeni, nzito, yenye aibu kidogo,
ikaumalizia mstari, na ule uliofuata, hadi amina.
Sikufungua macho. Sijui alikuwa na uso gani.
Abramu akaomba chumvi.

Sasa ni saa nne usiku na bado kuna mwanga.
Tumelala kwenye vitanda vya watoto wa miaka kumi,
wewe chini, mimi juu, miguu imetokeza nje.
Karibu na pua yangu, kwenye ubao wa dari,
mtu amechonga kwa kisu: NAKUMBUKA NYUMBANI.
Na chini yake, kwa mkono mwingine: MIMI PIA.

"Alwina," unaita, "mwakani tuanze na paa la kibanda cha saba."
Nasikia kitanda kikilalamika kwa niaba ya mgongo wako.
Nasema tutahitaji ngazi ndefu zaidi.
Unasema hapana, hii inatosha,
ni kuishika tu vizuri.