Tupa

Meno arobaini na nane ndani ya chupa ya maji ya chumvi,
yasiyo na wenyewe tena:
la muuza majiko, la karani wa posta,
moja lenye dhahabu ambayo hakuna aliyerudi kuiulizia.
Nje, theluji ya Erzurum imepanda hadi kwenye vioo.

Nusu yangu, nusu ya Profesa Muammer.
Yeye hutumia tupa za mkono,
robo mzunguko kwenda, robo kurudi;
kidole gumba chake kimeota sugu kama cha mshona viatu.
Mimi nakanyaga pedali,
na uzi wa nikeli na titani unazunguka mara mia tatu kwa dakika,
unashuka mferejini, unapinda mzizi unapopinda,
unarudi na unga mweupe katika mikunjo yake.
Dakika nne. Yeye bado anahema juu ya lake la kwanza.
"Haraka yako, Gülizar," akasema, "tutaiona kesho."

Kesho tukayapasua kwa urefu, kama njugu,
tukayaweka chini ya darubini.
Juu, ukuta wangu laini, bakuli lililolambwa.
Kati, hivyo hivyo; nikaanza kutabasamu.
Kisha theluthi ya mwisho, kule kwenye ncha.

Nani aliniambia mfereji ni duara?
Ni bapa, mdomo uliobana siri.
Chuma changu kilizunguka katikati,
kikachonga duara lake zuri,
na pembeni kikaacha kila kitu kama kilivyokikuta:
utando, nyuzi za nyama iliyokufa,
na unga wangu mwenyewe,
niliousukumia humo nikidhani nasafisha.

Nikatafuta faraja katika meno ya profesa.
Yalikuwa yale yale. Mabaya zaidi kidogo, kusema kweli,
na mawili yametoboka ubavuni.

Akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
"Chuma hufungua njia tu," akasema. "Anayeosha ni maji."
Akanisogezea chupa ya klorini,
ile iliyotoboa aproni zetu zote.
"Na ukuta usioguswa, upime. Andika."

Jumanne, Bi Fadime mwoka mikate yuko kitini,
ganzi imeshika nusu ya mdomo.
Namwagilia, nangoja, namwagilia tena.
Mashine imelala kwenye sinia, imeshamaliza kazi yake kitambo.
"Kumetakata?" anauliza kwa ulimi mzito.
Nina jibu la kitabuni, nina na jibu la darubini.
"Bado kidogo," nasema.
Anaitazama saa ya ukutani.
Unga wake umeshaumuka.