Maboksi ya Maziwa

Mwezi mzima nimekusanya maboksi ya maziwa.
Sikuombwa; niliambiwa tu, Dorthe, usitupe.
Mimi ni mpishi wa shule hapa Uummannaq,
dirisha langu la jikoni linatazama ghuba
na ghubani milima ya barafu imekwama tangu Desemba,
mikubwa kuliko kanisa.
Nikamwambia Mwalimu Aviaaja:
barafu ile pale, yote ile, bure,
nawe wataka kuunda nyingine kwenye maboksi?
Akacheka. Akajaza maji.
Ndani ya kila moja akatia kitu:
kifungo, ushanga, jino la kulungu,
ufunguo wa baiskeli isiyojulikana ni ya nani,
akayapanga nje kwenye ngazi, yalale na usiku.

Asubuhi yamevimba matumbo.
"Yamekula nini?" akauliza Nukaaka,
mwenye miaka minne, ambaye kwake
kila kilichonenepa kimekula.
Maji yakiganda, mwalimu akasema,
hujitanua, hutaka nafasi kuliko waliyopewa.
Nilimfikiria mume wangu kitandani
nikaendelea kumenya viazi.

"Toeni kilichomo. Nyundo hakuna.
Njia ni zenu."

Aqqaluk akatumia kisigino.
Maliina akaficha pande lake ndani ya sweta, juu ya kitovu,
akapiga yowe, akalitoa,
akalirudisha.
Ulloriaq akaja kwangu kuomba chumvi.
Kijiko kimoja, nikasema. Akachukua kopo.
Aliweka uzi juu ya barafu, akanyunyiza,
akahesabu hadi sitini, akirukaruka arobaini na kitu,
akainua: uzi umeshika!
Barafu nzima inaning'inia kama samaki,
na chumvi ile ile iliyoyeyusha ndiyo iliyogandisha.
Alinieleza mara tatu kwa nini.
Mara ya tatu nilielewa, au nilichoka.
Supu ya sili siku ile ilikosa chumvi.
Hakuna mtoto aliyelalamika. Walikuwa na vidole vyekundu
na mazungumzo mengi.

Basi nami nikatiwa wivu, mtu mzima.
Kesho yake nikamtuma mume wangu na mbwa wake
akanikatie kipande kwenye mlima ulio karibu.
Nikakitumbukiza katika jagi la maji, nikawaita:
njooni, msiguse, tegeni sikio.

Tss. Tk. Tktk.

Walinyamaza, jambo ambalo shule hii haijaliona.
Ni viputo, nikasema. Ni hewa.
Theluji ilianguka juu ya theluji, ikaibana humo
kabla mtu yeyote hajapika chochote katika kisiwa hiki,
na sasa inatoka, mbele yenu, katika jagi langu la juisi.
Aqqaluk akainamisha pua, akavuta pumzi kwa nguvu,
akaishikilia hadi akawa zambarau.
"Kumbe hii," akasema Nukaaka, "ilikula hewa."
Mwalimu Aviaaja akafungua mdomo kumsahihisha.
Akaufunga.

Kufikia Ijumaa vitu vyote vilikuwa mezani,
vikavu, vidogo, si vya ajabu tena:
kifungo ni kifungo.
Isipokuwa cha Nukaaka.
Yeye hakuyeyusha. Alilikwangua boksi, akalitupa karatasi,
akaubeba mche wake wa barafu kwa mikono miwili
akaurudisha nje kwenye ngazi,
jino la kulungu likionekana katikati, limeinama kidogo,
kama linasikiliza.
Mwalimu akachukua daftari, maana kila mtoto lazima aandikiwe jibu.
"Wewe umegundua nini?"
Mtoto akafikiri. Kamasi ikashuka, akairudisha.
"Langu halijashiba," akasema.

Yakaandikwa hivyo hivyo.

Jua limerudi juma hili, dakika chache kila siku,
linagusa ngazi, linaondoka.
Kila nikitoka kumwaga maji ya viazi
namwaga upande wa pili.