Januari Mosi, Kila Asubuhi

Aliniita Jumatano, mvua ikinyesha Ancud
kwa namna yake ile ya kutosikia la mtu.
"Imekufa," alisema Don Baldomero simuni.
Nikamuuliza: imekufaje? Imelia? Imeandika neno?
"Imeandika kwamba haijijui."

Nikavaa koti la mpira.

Ilikuwa kando ya jiko la kuni,
rangi yake ya krimu imegeuka jino la mvuta tumbaku,
juu kitambaa cha sufu alichofuma marehemu Clorinda.
Mfumo wake ni wa mwaka tisini na nane.
Vijana wa dukani kule Castro waliuona, wakacheka,
wakamwambia anunue nyingine.
Mimi nilipiga magoti.

Kabla hujampasua mgonjwa, mtazame mdomoni.
Mdomoni mlikuwa na diski laini.
Mashine ya namna hii, ikiamka, hutafuta akili yake hapo kwanza,
na hapo hapakuwa na akili, palikuwa na viazi.
Nikabonyeza, diski ikachomoka: ta!
Nikawasha upya. Ndani kukaanza kukwaruza
kama kuku aparuaye majani makavu.
Don Baldomero akavua kofia.

Haikutusamehe upesi.
Ikatulaumu kwamba haikuzimwa inavyopaswa,
sasa itajikagua yenyewe, na miraba midogo
ikaanza kujaa, mmoja, mmoja.
"Umeme ulikatika," alijitetea,
akiiambia mashine, si mimi.

Dakika arobaini. Tulikula mkate wa viazi,
mafuta ya nguruwe yakitutiririka vidoleni.

Kipanya nacho kilikuwa kimegoma kwenda kushoto.
Nikakipindua, nikaitoa gololi tumboni,
nikakwangua kwa ukucha nyuzi zilizojiviringa humo.
Nilitaka kuzipeperusha. Akanishika kiganja.
"Kijani hicho," alisema,
"hakivaliwi tena nyumba hii."
Nikaziweka kwenye kisosi. Sikujua pengine pa kuziweka.

Ndipo orodha ikafunguka:
bruja, murta, clavela, michuñe,
mia mbili na kitu, kila kiazi na shamba lake,
umbo la jicho lake, nani alimpa Clorinda mbegu
na kwa kubadilishana na nini (kuku; soksi; mara moja, redio).
Chini, saa ya mashine ilisema:
Januari mosi, elfu moja mia tisa na themanini.

Hilo nalijua. Ni betri, ndogo kama sarafu,
imekauka, basi kila asubuhi mashine huamka
ikidhani dunia ndiyo kwanza inaanza.
Kila kiazi alichoandika mzee tangu msiba
kimepewa tarehe hiyohiyo,
na orodha ikipangwa kwa siku,
vyake hutangulia, vya mkewe hufuata.

Betri mpya nilikuwa nayo mfukoni.
Bisibisi ilishagusa skrubu ya kwanza.

"Acha," alisema.
"Miaka arobaini na mmoja, tuta kwa tuta,
yeye mbele na jembe, mimi nyuma na kikapu,
na kila mara: Baldo, umechelewa.
Hapa niache niwe nimewahi."

Fundi hapaswi kuliacha kosa analoliona.
Niliikaza ile skrubu kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.
Betri nikaiacha chini ya kitambaa, endapo.

Akaizima mwenyewe. Akangoja weusi uenee,
na ule mstari wa rangi ya chungwa utokee:
sasa ni salama kuzima kompyuta yako.
Akausoma kwa sauti, taratibu,
kama mtu anayesomewa hukumu akakuta ameachiwa,
kisha mkono ukaenda nyuma, kwenye swichi.

Alinilipa kilo tatu, za udongo bado.
Usiku nilivichemsha na maganda yake.
Nilikata kimoja: zambarau,
mpaka katikati.