Kila Muongo na Mwongo Wake

Saa nane usiku, karakana ya magari ya theluji,
Buffalo, kando ya Ziwa Erie.
Dhoruba imeahidiwa, haijafika.
Chumvi imeshapakiwa, majembe ya chuma yameinama,
na anayengoja bila kazi hutafuta la kubishania.

Gorczyca ndiye aliyeanza, mdomo umejaa soseji:
wimbo gani wa filamu uliibeba miaka ya themanini,
ukiusikia sekunde tatu tu useme, naam, wakati ule?
Akajijibu mwenyewe. Ule wa filamu ya wapiga mbizi:
ngoma inagongwa kama mlango wa jokofu la bucha,
mwangwi unafumka, halafu kwap, unakatwa;
kinanda cha umeme kinametameta kama koti la plastiki,
na saksafoni, jamani, saksafoni
inalia kama mtu aliyeachwa na mke lakini kabaki na gari.

Nereida alicheka hadi kahawa ikampalia.
"Hiyo si sauti ya muongo. Ni sauti ya duka la viatu."
Yeye na sabini yake: filamu ya polisi wawili na mbwa,
hakuna aikumbukaye, hata mbwa,
ila wimbo wa mwisho, majina yakipanda juu,
gitaa linatafuna maneno, besi inatembea
kama mwenye nyumba tarehe moja,
na fidla arobaini zinamwaga asali juu ya madeni ya watu.
Mama yake aliupigia pasi sare za hospitali,
kola moja kwa kila kiitikio.

Mimi nakaa dirishani penye redio. Kazi yangu kuwaita,
si kuwaamua. Lakini nani angenyamaza?
Nikatupa karata yangu: tisini na tatu,
filamu ya daktari wa farasi, wimbo wa mapenzi
ambao dakika ya tatu sauti inapanda ngazi bila ruhusa
na koo lako linapanda nayo.
Nikauimba kidogo.
Walinizomea mpaka vioo vikatetemeka.

Lonnie Battle alikuwa kimya, anakwangua kutu kwenye spana.
"Nyimbo za filamu hazisimulii zama," alisema. "Huzisingizia.
Kila muongo una mwongo wake."
Akatuambia kuhusu lango la kiwanda cha chuma,
barua zikigawiwa kwa herufi za majina,
B mapema, kwa hiyo yeye alisoma mapema.
Kwenye maegesho kijana mmoja alishusha vioo vya gari
na wimbo ukatoka, huohuo wa wapiga mbizi:
simama, ruka, dunia ni yako.
"Tukasimama," alisema Lonnie. "Wanaume wazima,
na vyakula vyetu vya mchana mkononi, havijafunguliwa.
Basi kura yangu nampa Gorczyca.
Hakuna uliodanganya vizuri kama ule."

Gorczyca alikuwa ameshinda. Hakushangilia.
G nayo haiko mbali na B,
na baba yake alikuwa kwenye foleni ileile.

Tavion, mdogo wetu, miaka ishirini na miwili,
akatoa simu: wimbo wa filamu ya mwaka jana,
msichana ananong'ona kama anayeogopa kuamsha mtoto,
chini yake besi nzito, jirani anayehamisha kabati.
"Huu je? Huu ndio sisi?"
Tukausikiliza wote, mara mbili.
Hakuna aliyejua. Harufu ya nyumba huijua mgeni.

Saa tisa na robo simu ikalia.
Vikombe vikaachwa nusu, injini zikakohoa,
taa za njano zikazunguka ukutani, kisha ukuta ukabaki peke yake.

Baadaye, kwenye chaneli ya pili, mtu alipiga mluzi
ile sehemu ya saksafoni, polepole, bila mbwembwe.
Sheria inakataza. Nilibonyeza kitufe nimkemee,
nikakiachia.
Barabara ya Tifft ilikuwa imefungwa tayari.
Nikaandika saa.