Mgongo wa Paa

Gereji ya baba, Isevya, ilikuwa na kichwa bapa.
Kila masika dimbwi lilikaa juu,
vyura wakahamia bila kodi,
nasi chini tukakinga kwa ndoo na sufuria.

Pijo ilishauzwa. Lilibaki doa la oili sakafuni,
na barua: shangazi Milembe
anarudi na treni ya Mpanda, moja kwa moja.

Fundi Nkwabi alipanda, akagonga zege kwa kisigino,
akasikiliza kama anayechagua tikiti maji sokoni.
“Hii itabeba. Ila mgongo uinuke futi saba,
la sivyo mtatambaa kama kenge.”
Mimi nilishanunua mbao za futi tano.

Tulibishana hadi chai ikapoa.
Sizya hakubishana.
Alipanda ngazi, akasimama, akanyoosha mkono
kama anayetundika chandarua:
“Hapa.”

Sasa mninga unanukia, bati linaishusha mvua pipani.
Usiku wa kwanza sikulala,
nilizoea kuhesabu matone.

Katikati ya chumba unasimama wima.
Pembeni, kwenye kitanda cha shangazi, lazima uinamie.
Asubuhi napeleka uji,
na mgongo unasema shikamoo
kabla ya mdomo.