Ushahidi wa Seremala

Hatukuiunda. Andika hilo kwanza, karani.
Haramia haundi merikebu; huhamia ya mwenzake
kama kaa anayeingia kombe la konokono aliyekufa.
Mimi, Mathurin Kergoat, seremala wa Brest,
nilitekwa pamoja nayo. Nahodha walimshusha mashuani
na pipa la maji na biskuti.
Mimi wakanishika mkono:
"Wewe una tezo. Wewe utabaki."

Bahama, kisiwa kisicho na jina.
Bamvua ilipokupwa tukailaza ubavu mchangani
kwa kamba na magogo, tumbo wazi,
inanuka kama mdomo wa mgonjwa.
Siku nne tulikwangua makombe,
tukababua magugu kwa mienge ya nyasi.
Mdudu alikwisha kuila: kidole changu
kilizama ubaoni hadi kwenye pete.
Tukapaka lami, kiberiti, shahamu.
Merikebu chafu hufukuzwa. Safi hufukuza.

Kisha Threlkeld, waliyemchagua kwa kura, akasema: kata.
Nikakata chumba cha shetri, vioo na nakshi zake,
kuta za maofisa, milango yote,
hata deki ikawa tambarare kama sinia,
watu themanini wasimame na mapanga
na asiwepo wa kumfungia mwenzake nje.
Nikatoboa matundu ya mizinga, sita kila ubavu.
Ilizaliwa na mizinga minne.
Usiku niliisikia ikilia mbavuni.

Ngamani nikakuta rafu.
Ubao juu ya ubao, na kati yake
shubiri mbili na nusu.
Mwaloni safi. Fundi ni fundi: nikahesabu moyoni,
utatosha vifuniko kumi na viwili.

Anane akashuka. Hakuwahi kusema nami.
Akajilaza rafu ya chini, mikono kifuani,
kimya, muda wa kuvuta kiko kizima.
Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye ncha ya pua.
"Huu," akasema, "hapana."

Tukaung'oa wote, tukaupeleka chini ya sufuria ya lami.
Uliwaka vizuri. Lami ikachemka upesi,
na ndiyo niliyokalafatia nyufa,
kwa hiyo sijui kama kweli tuliutoa.

Jina lake la zamani lilikuwa *Tumaini*.
Nililikwangua kwa patasi; herufi ya kwanza
ilikuwa imechongwa ndani mno, ikabaki,
ikisimama shetrini kama mti wa kunyongea.
Hilo halikunichekesha wakati ule.

Mnauliza kama nililazimishwa.
Nililazimishwa. Bastola ilikuwa hapa, chini ya sikio.
Lakini yale matundu ya mizinga
niliyapima kwa timazi, mara mbili kila moja,
nikayapiga randa kingo zake zisimchane mtu mkono,
na hilo, waheshimiwa,
hakuna aliyeniamuru.